Vinundu na vigaga kwenye migongo ya farasi wa kazi msimu wa masika: naomba mwongozo

Saisi wa Diani ameuliza:

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote mnaoshughulika na wanyama. Ninatunza farasi sita wanaobeba wageni kwenye ufuo wa Diani, kaunti ya Kwale. Kila farasi hutandikwa mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, na kwa jumla hukaa na mpandaji kiasi cha saa nne, sehemu kubwa akitembea kwenye mchanga laini unaochosha kuliko barabara. Kazi hii nimeifanya kwa miaka saba, lakini masika ya mwaka huu yamenizidi, na sipendi kuendelea kubahatisha juu ya mnyama ambaye hawezi kunieleza panapomuuma.

Jike wangu wa rangi ya kahawia ametoka vigaga kuanzia kiunoni hadi matakoni. Kwa mbali huvioni, ila ukipitisha kiganja unahisi kama umemwagiwa punje za mchele chini ya manyoya. Jana nilibandua kigaga kimoja kwa ukucha, kikatoka pamoja na shungi la manyoya lililosimama kama brashi ndogo ya rangi, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, mbichi, yenye usaha mzito wa manjano. Aliruka kwa maumivu, nami nikajuta. Farasi wa pili ana vinundu vinne vigumu mgongoni, kila kimoja ukubwa wa haragwe, manyoya yake yapo kamili na hata nikivibonyeza hashtuki. Viwili kati ya hivyo viko pale pale tandiko linapokaa. Wa tatu ana kidonda nyuma ya kiwiko, mahali mshipi wa tandiko unapopita. Wa nne, ambaye ndiye mzee wao, ana nyama iliyoota ndani ya paja, haina manyoya, inafanana na chunjua, na jirani mmoja amenishauri niifunge kwa singa ya mkia mpaka ikatike yenyewe.

Hadi sasa nimepulizia vigaga na kidonda ile dawa ya bluu inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo, na kila jioni nawaingiza wote baharini kwa kuwa wazee wa hapa husema maji ya chumvi hukausha kila kitu. Sioni nafuu. Nguo za chini ya tandiko tunazo tatu, nazo huzitandaza juani jua likipatikana. Mwajiri wangu ana wageni waliokwisha kulipia, na ameniuliza kama farasi hawa wanaweza kuendelea. Naomba mnisaidie: je, huu ni ugonjwa mmoja au ni mambo mbalimbali? Na ni yupi kati yao anayeweza kutandikwa bila kudhulumiwa?

Daktari wa mifugo, Mombasa, amejibu:

Wa alaikum salaam, ndugu. Umeeleza vizuri sana, na maelezo yako yamenirahisishia kazi, ingawa yanayofuata hayawezi kuchukua nafasi ya daktari atakayefika hapo na kuwagusa hao farasi kwa mikono yake.

Hawa hawana ugonjwa mmoja. Jike wako wa kahawia ana kila dalili ya ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria aitwaye *Dermatophilus congolensis*, ambaye jina lake limetokana na Kongo, kwa sababu huko ndiko alikoelezwa kwa mara ya kwanza, kwenye ng'ombe, mwaka 1915. Lile shungi la manyoya lililotoka mfano wa brashi ni alama yake. Bakteria huyu anaweza kulala ndani ya kigaga kikavu kwa miezi mingi bila kufa, na ngozi inapolowa kwa muda mrefu huamka, akatoa vijimbegu vinavyoogelea katika unyevu hadi vipate mahali ngozi ilipodhoofika, iwe ni kwa kuumwa na nzi au kupe, iwe ni kwa kusuguliwa. Ngozi nzima na kavu humshinda. Kwa hiyo mvua peke yake haitoshi kumleta, na msuguano peke yake hautoshi, lakini vikikutana juu ya mgongo mmoja hupata makao. Dawa ya bluu uliyopulizia imekaa juu ya kigaga, wakati yeye yuko chini yake, na huenda imemfunikia unyevu wake vizuri zaidi.

Muogeshe jike huyo kwa sabuni yenye klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4, au kwa povidoni iodini iliyochanganywa na maji hadi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Liache povu juu ya ngozi kwa dakika kumi kamili ukitazama saa, kisha suuza kwa maji baridi na umkaushe kwa taulo safi mpaka chini ya manyoya. Vigaga vitakavyolegea wakati huo vitoe kwa upole; vinavyoshikilia viache hadi kesho. Kamwe usibandue kikavu, kwa kuwa unamuumiza na pia unafungua ngozi mpya. Vigaga vyote vilivyotoka vikusanye katika mfuko uvichome, usiviache sakafuni. Fanya hivyo kila siku kwa siku tano hadi saba, halafu mara mbili kwa wiki hadi manyoya mapya yaanze kuota. Ikiwa huna uwezo wa kumkausha kabisa siku hiyo, ni heri ufute sehemu zilizoathirika tu kwa kitambaa chenye dawa kuliko kumlowesha mwili mzima na kumwacha hivyo usiku. Vaa glovu na unawe mikono, kwa maana ugonjwa huu, japo kwa nadra, humpata binadamu pia. Vikienea sana, au akipata homa, atahitaji sindano za penisilini, na hizo aamue daktari.

Vinundu vya farasi wa pili ni habari nyingine kabisa. Kinundu kigumu, kisicho na maumivu, chenye manyoya yake, kilichokaa mgongoni, mara nyingi ni mwitikio wa ngozi ambapo nyuzinyuzi zake huharibika na chembe za damu zinazohusika na mzio hukusanyika kuzizunguka. Kuumwa na wadudu hushukiwa sana, na shinikizo la tandiko pia. Visivyoguswa na tandiko unaweza kuviacha kama vilivyo; vingine hubaki miaka bila madhara, na vya zamani huweza kuwa vigumu kama kokoto. Vile viwili vilivyo chini ya tandiko ndivyo vya kuamuliwa, kwa sababu vikisuguliwa vitachubuka na kuwa vidonda. Daktari anaweza kudunga dawa jamii ya steroidi ndani ya kinundu chenyewe, ila dawa hizo zina hatari ya kuleta uvimbe ndani ya kwato, na hazifai kutolewa ovyo.

Kuhusu mzee wako, nakusihi usiifunge ile nyama kwa singa wala kwa mpira wala kuikata. Maelezo yako yananifanya nifikirie sarkoidi, uvimbe wa ngozi unaoongoza kwa wingi kati ya uvimbe wote wa ngozi ya farasi, na unaohusishwa na virusi vya chunjua vya ng'ombe. Ukichokozwa nusunusu huweza kurudi ukiwa mkubwa na mkali kuliko mwanzo. Upige picha pamoja na sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, uupige tena baada ya mwezi, umwonyeshe daktari.

Na kwa kuwa uko Kwale, karibu na Shimba Hills ambako mbung'o wapo, wapime wote sita joto la mwili asubuhi kabla ya kazi. La kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Ukimkuta mmoja amepita hapo, ufizi umepauka na amevimba chini ya tumbo, tatizo lake si la ngozi tena na anahitaji kupimwa damu kwa ajili ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na hao mbung'o. Vilevile vinundu vikijipanga kama ushanga kando ya mshipa wa mguu, vikapasuka na kutoa usaha, mtenge farasi huyo siku hiyo hiyo na umwarifu afisa wa mifugo wa kaunti. Farasi wa mikokoteni nchini Ethiopia wameteseka sana kwa ugonjwa wa kuvu unaojionyesha namna hiyo, na kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao ambao huua hata watu.

Jike wa kahawia na yule mwenye kidonda cha mshipi wasitandikwe. Mwenye vinundu asitandikwe mpaka tujue tandiko linamkaaje. Mzee anaweza kufanya kazi nyepesi ikiwa ile nyama haiguswi na kitu chochote.

Saisi mstaafu, Nanyuki, amejibu:

Mwanangu, hongera kwa kuuliza kabla mambo hayajaharibika. Daktari amemaliza upande wa dawa, mimi nitasema habari ya tandiko, ambalo nimelibeba begani kwa miaka zaidi ya thelathini, kwanza kwa farasi wa mashindano Nairobi, kisha kwa farasi wanaozungusha wageni katika mbuga za Laikipia siku sita mfululizo.

Mvue tandiko farasi baada ya saa moja ya kazi na uuangalie mgongo wake kabla hujautia maji. Jasho likiwa limelowesha pande zote mbili sawasawa, mshukuru Mungu. Ukiona pamelowa kote isipokuwa vipande viwili vikavu, ukubwa wa kiganja, kando ya kilele cha mabega, ujue hapo tandiko limekandamiza kiasi kwamba hata jasho limeshindwa kutoka. Ukiendelea hivyo kwa wiki kadhaa, ngozi ya hapo itachubuka, na itakapopona itaota manyoya meupe yasiyorudi rangi yake tena. Nimeona farasi wengi wenye mabaka meupe mgongoni ambayo mwenyewe anadhani walizaliwa nayo. Kila baka lilikuwa ni maumivu ya siku nyingi.

Ingiza vidole kati ya tandiko na kilele cha mabega mpandaji akiwa juu. Viwili au vitatu vilivyosimama viingie bila kubanwa. Geuza tandiko uukande mto wake wa chini kwa dole gumba, kwa sababu sufu ya ndani hugandamana ikawa mabonge, na bonge la ukubwa wa njugu linatosha kutengeneza kinundu. Ukimaliza kukaza mshipi, nyanyua mguu wa mbele wa farasi na uuvute mbele taratibu, kushoto kisha kulia, ili mikunjo ya ngozi iliyobanwa chini ya mshipi inyooke. Kwa kitendo hicho kidogo, cha sekunde tano, nimeepusha vidonda vingi vya nyuma ya kiwiko kuliko kwa marhamu yoyote. Uzito nao uangalie: mpandaji pamoja na tandiko wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi, yaani farasi wa kilo 400 asibebeshwe zaidi ya kilo 80, na kwenye mchanga laini ningependa iwe chini ya hapo.

Sasa bahari. Sisemi wazee wa Pwani wamekosea, maana miguu ya farasi hupoa vizuri katika maji ya chumvi. Lakini jasho la farasi lenyewe lina chumvi nyingi, nawe unamwongezea nyingine jioni, inakauka juu ya ngozi, kesho unaweka tandiko juu yake. Umemwekea msasa. Akitoka baharini asuuzwe kwa maji ya kisima hadi mgongoni, na akaushwe. Mwenye vigaga asiingie kabisa.

Na jambo moja ambalo sitaki lirudiwe mahali popote: usiwaogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi, hata ukiambiwa na nani. Nilikuwepo farasi wawili walipopuliziwa ili vipele vya kupe viishe. Kesho yake walisimama vichwa chini, hawali, na nilipoweka sikio ubavuni sikusikia utumbo ukinguruma hata kidogo. Mmoja hatukumwokoa. Tulimkalia usiku kucha.

Mwisho nina swali kwako. Umesema nguo za chini ya tandiko ni tatu, na farasi ni sita. Zinavaliwaje?

Saisi wa Diani amejibu:

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana Daktari. Swali lako, mzee, limenikosesha usingizi. Nguo tatu huvaliwa na farasi watatu wa asubuhi, kisha zikiwa bado zimelowa jasho huvalishwa watatu wanaofuata, na alasiri zinarudi kwa wale wa kwanza. Brashi pia tunayo moja ngumu na moja laini kwa farasi wote. Nilikuwa ninatafuta ugonjwa kwenye migongo kumbe ninaubeba mikononi mwangu mwenyewe kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Nimepima joto, wote wako chini ya 38.5. Mwenye vinundu nimemtandika kwa muda mfupi tu na kumtembeza nusu saa bila mkazo ili nione jasho, na kweli kuna sehemu kavu upande wa kulia, karibu na kimojawapo cha vile vinundu. Mto wa tandiko upande huo una bonge. Kidonda cha mshipi kinanitia wasiwasi zaidi: kimekuwa na wiki tano, nyama yake imenyanyuka juu ya ngozi, inatoka damu kirahisi, na ndani yake kuna chembe ndogo za manjano kama punje za chenga za mchele. Nzi hawamwachi.

Saisi aliye Muscat amejibu:

Ndugu yangu, nimezaliwa Malindi na sasa nafanya kazi katika zizi la farasi hapa Oman, mwaka wa tisa. Hizo chembe za manjano nazifahamu. Hapa tunaziona kila joto linapopanda, kwenye kona ya jicho, kwenye midomo na katika kidonda chochote kilichoachwa wazi. Daktari wetu alituonyesha kwamba kuna minyoo inayoishi tumboni mwa farasi, watoto wake hutoka na mavi, huingia katika funza wa nzi, na nzi huyo akikua huja kuwaacha kwenye kidonda anapolamba. Hawawezi kukua humo, lakini wanachokoza nyama na kuizuia isifunge. Unaweza kupaka marhamu mwaka mzima, hakitapona.

Kilichotusaidia ni kuondoa mavi mara mbili kwa siku na kuyapeleka mbali na zizi, na kukifunika kidonda kwa kitambaa chepesi kisichoshika ngozi, kinachobadilishwa kila asubuhi na jioni. Dawa ya minyoo Daktari atakueleza.

Daktari wa mifugo, Mombasa, ameongeza:

Nakubaliana na ndugu wa Muscat. Kwa maelezo hayo uwezekano wa minyoo ya *Habronema* ni mkubwa, ingawa nyama inayonyanyuka hivyo huweza kuwa ni sarkoidi pia, kwa hiyo kisipobadilika ndani ya wiki mbili kichukuliwe kipande kipimwe. Mpe ivermektini ya kulambishwa iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi, kwa kipimo cha uzito wake, nawe uukadirie uzito kwa utepe wa kupimia badala ya macho. Ile ya sindano inayotumika kwa ng'ombe isitumike kwa farasi, kwani imewahi kuleta majipu na maambukizi mabaya mahali ilipochomwa.

Nguo ziwe sita, kila moja iandikwe jina la farasi wake kwa uzi, zifuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa. Brashi ziloweke katika dawa ya kuua vijidudu, kisha kila farasi awe na yake. Mwambie mwajiri wako kwamba bei ya nguo tatu za ziada ni ndogo kuliko siku moja ya farasi kusimama zizini, nadhani lugha hiyo ataielewa haraka.

Saisi wa Diani, baada ya wiki tatu:

Nawaletea habari zao. Mwajiri alisita siku mbili, kisha akanunua nguo tatu, nami nikashona majina kwa uzi mwekundu. Jike wa kahawia hana kigaga kipya tangu siku ya kumi, na matakoni manyoya mapya yamechomoza, mafupi na laini kama ya ndama. Bado sijamtandika, namtembeza kwa kamba asubuhi mapema. Kidonda cha mshipi kimeshuka hadi kuwa sawa na ngozi na zile chembe zimekwisha, ingawa pembeni manyoya yanarudi yakiwa meupe, kama mzee alivyosema. Fundi wa viti vya magari hapa Ukunda ameufumua mto wa tandiko na kuutia sufu mpya, na jasho la farasi wa pili sasa limelingana pande zote. Vinundu vyake vinne nimevipima tena kwa uzi niliouwekea fundo: havijakua wala kupungua. Daktari amekubali kuja Alhamisi kuutazama uvimbe wa yule mzee, na picha nilizopiga mwanzo ninazo.